Vitu Nilivyotakiwa Kuvipeleka Longisa

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kurudi kutoka Uingereza na diploma, na niliibeba kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku, kwa sababu sanduku hupotea. Ilikuwa diploma ya mitambo ya mvuke. Sikufanyiwa harambee. Wenzangu wengi wa miaka ile walisafirishwa na kijiji kizima, wakachangiwa na kanisa, shule na chifu, na waliporudi walilazimika kumwinamia kila waliyekutana naye njiani. Nauli yangu mimi ilitoka kwenye ndama na viazi nilivyouza mwenyewe. Karo ilitoka kwenye masufuria ya jiko la hospitali moja kaskazini mwa nchi ile, masufuria makubwa kiasi kwamba kuyasugua kulikuwa kuingia ndani mpaka mabegani. Mchana nilisugua, jioni nilisoma. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni nani anayezungumza, na pia kwa sababu diploma hiyo nusura ichomwe moto.

Nilirudi miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Sikukaa nyumbani sana kabla ya kuajiriwa kwenye kiwanda cha majani chai, nikasimamia boila. Waliokuwa pale kabla yangu waliisikiliza boila kwa kuogopa. Mimi niliisikiliza kwa kuielewa. Mwezi wa kwanza niliiponya kikohozi ilichokuwa nacho tangu mkoloni, na meneja akaja kunishika mkono mbele ya watu.

Pamoja na diploma nilirudi na kitabu. Nilikinunua stesheni ya treni siku ya kuondoka. Kilikuwa kitabu cha watoto, kinahusu vijana wanaosomea uchawi kwenye shule ya bweni, na wakati huo watoto wa nchi ile walikuwa wamekishika kila mahali, kwenye basi, kwenye foleni, hata mezani wakila. Nilitaka kujua ni nini kilichowashika hivyo. Kufika Nairobi nilikuwa nimekimaliza na kuanza tena.

Wengine husoma kitabu kama hicho kwa ajili ya vita na maadui. Mimi nilikisoma kama fundi. Kilichonivutia ni vitu vyenyewe. Kulikuwa na fimbo fupi isiyokubali kila mkono. Kwa mwenyewe ilifanya kazi, kwa mwingine ilikuwa kijiti tu. Kulikuwa na ufagio uliopaa bila mafuta, bila kuni, bila shinikizo lolote, jambo ambalo kwa mtu wa mvuke ni tusi. Kulikuwa na vazi jepesi la kumficha mvaaji. Na kulikuwa na kioo. Kioo hicho hakikukuonyesha uso wako. Kilikuonyesha jambo ambalo moyo wako unalitamani kuliko yote, likiwa limesimama mle ndani kana kwamba limekwisha kutokea. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatazama mawingu kupitia dirisha la ndege. Nilijua ningeona nini: boila yangu mwenyewe, na watu wa kwetu wameizunguka wakiitazama.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa na chai yake karibu na Kiptere, na siku zangu za mapumziko nilimbebea kikapu mpaka kituo cha majani. Ndiyo, mwenye diploma alibeba kikapu, na kwa mgongo ulionyooka. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati chenye meza za waya na mizani ya kuning'inia, na karani wa mizani aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Majani ya chai hayajui kungoja. Ukiyashindilia guniani yanapata joto, yanabadilika rangi, na kiwanda kinayakataa. Kwa hiyo wakulima waliyatandaza mezani, wakayapindua kwa mikono, wakatega sikio wasikie lori. Mvua ikinyesha lori lilikwama, na watu walikaa pale mpaka maneno yakawaishia.

Hapo ndipo nilipoanza kusimulia. Nilisimulia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa Wakipsigis peke yetu. Palikuwa na muuza ndizi aliyetoka nyanda za juu ng'ambo ya Sotik, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu bondeni, ambaye pia alikuwa na mistari michache ya chai. Palikuwa na mjane jirani yetu, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Nilisimulia kama mwenye kuona, na wala sitajifanya mnyenyekevu: nilisimulia vizuri. Niliposema naruka, nilipanda juu ya benchi nikaruka. Wanawake walisahau kupindua majani yao.

"Hiyo koti ya kujificha," muuza ndizi aliuliza, "iko na mfuko?"

"Haina mfuko."

"Basi ni ya mzungu. Mtu anajificha aende wapi bila mfuko?"

"Mimi nikipata moja," karani akasema, "Jumatatu hamnioni kazini."

"Wewe hata sasa hatukuoni kazini," mjane akamwambia, "na haujavaa hiyo koti."

Wakacheka mpaka mizani ikatikisika. Kila wiki walitaka vitu, si vita. Nikifika mahali pa mapigano walinikatiza: hebu rudi kwa ufagio, hebu rudi kwa kioo. Ufagio walitaka kujua unafungwa wapi usiku, na kama ng'ombe hawauogopi. Kioo hawakukiuliza sana. Nikisema kioo, kila mmoja alirudi kushika majani yake.

Siku moja mvua kubwa iliwaingiza kibandani wapita njia waliokuwa wakitoka soko. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo mwenye mwavuli mweusi. Sikumjua. Wakati huo nilikuwa nimesimama juu ya benchi, nimejifunika kichwani ile plastiki ambayo mama hujifunga kiunoni akichuma chai, na ninasema kwa sauti yangu yote: "Nikivaa hili, hakuna mtu wa Kiptere anayeniona! Nitapita mlangoni kwenu, nitaingia, nitatoka, na mbwa wenu hatabweka!" Watu walipiga makofi. Mama yule alifungua mwavuli wake akaondoka mvuani, kabla sijafika popote kwenye hadithi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliolewa upande wa Sigowet, na kwamba alikuwa senge wa mchumba wangu, yaani dada ya baba yake.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwao ni karibu na Longisa. Tulikutana kiwandani. Alileta wanafunzi wake kuona chai inavyokaushwa, na nilipowaeleza juu ya boila, watoto wote walitazama moto, yeye alitazama saa ya shinikizo akauliza, "Na hii mshale ikipita hapa kwenye nyekundu, nyinyi mnakimbia ama mnafanya nini?" Nikamwambia wengine hukimbia. Akaniuliza mimi ni yupi. Siku ile nilijua sitaoa mwingine.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alikuwa na pikapu ya kubeba maziwa na maneno machache. Safari ya kwanza aliyokwenda na wazee kwao kuuliza, mambo yalikwenda vizuri: koo zilitajwa, hazikugongana, maziwa ya kibuyu yalinywewa. Safari ya pili ilikuwa ya kupanga koito, ile siku ambayo pande mbili hukubaliana na ndoa ikawa ndoa hata kabla ya kanisa. Mjomba alirudi mapema mno. Aliegesha pikapu, akakaa ndani yake muda mrefu kabla ya kushuka.

"Wanataka vitu," akasema.

"Ng'ombe tulishaongea," mama akajibu.

"Si ng'ombe. Vitu vya huyu. Koti ya kujificha, fimbo, ufagio na kioo. Viletwe Longisa vichomwe mbele ya kanisa, kisha ndio waongee koito." Akanitazama. "Na ile karatasi yako ya ukutani."

"Karatasi gani?"

"Diploma. Wanasema huko ulikoenda kuna shule ya bweni ya kufundisha uchawi, na wewe mwenyewe umekuwa ukiitangaza hapa kituoni. Wanauliza hiyo diploma ni ya nini."

Msomaji kijana huenda akadhani natia chumvi. Miaka hiyo nchi nzima ilikuwa na hofu ya waabudu shetani. Mtu akitajirika haraka, akirudi kutoka ng'ambo na pete, akijenga nyumba yenye pembe isiyoeleweka, maneno yalianza. Na kwetu, kabla hujampa mtu binti yako, unachunguza ukoo wake: kuna wazimu? kuna wizi? kuna uchawi? Hawakuwa wabaya wale watu wa Longisa. Walikuwa wazazi. Walisikia kwa senge, aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe, kwamba bwana harusi anaingia majumbani bila kuonekana na mbwa habweki.

Lakini diploma! Niliketi nikaitazama pale ukutani, ndani ya fremu, na muhuri wake mwekundu. Masufuria yote yale.

Nilifanya kile ambacho mtu aliyesoma angefanya: nilipeleka ushahidi. Nilikwenda kwa mchungaji wao, mtu mpole mwenye miwani, nikamwekea kitabu mezani. Nikamweleza kwamba ni hadithi ya watoto, vitu vyote vile viko kwenye karatasi tu. Alikifungua. Kiingereza alikijua vizuri. Alisoma ukurasa mmoja, akapindua, akasoma mwingine, na midomo yake ikawa inahesabu neno moja tu, uchawi, kila lilipotokea.

"Wanafunzi wako na orodha ya vitabu vya kununua," akasema polepole.

"Ndiyo, mchungaji, lakini..."

"Na sare."

"Ni hadithi, mchungaji."

"Na walimu, na mtihani." Akakifunga, akavifuta vidole vyake kwenye leso. "Kijana yangu, mimi nilidhani senge ameongeza maneno. Kumbe amepunguza."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeharibu zaidi.

Mjomba, ambaye ni mtu wa kumaliza mambo, alileta shauri. Tutafute koti kuukuu la mvua, kioo cha kunyolea ndevu, kijiti na ufagio wowote. Vichomwe, watu waimbe, tuendelee. Diploma nayo, kwani hakuna mashine ya kutoa nakala pale Kericho? Tuchome nakala.

Mama hakungoja amalize. "Akichoma hata njiti ya kiberiti, amekubali. Itasemwa kwa watoto wake, wajukuu na vitukuu: ukoo ule ulipeleka vitu vyao vikachomwa Longisa. Na dada zake, nani atawaoa?"

Hivyo ndivyo nilivyobanwa. Nikipeleka vitu, mimi ni mchawi aliyetubu. Nisipopeleka, mimi ni mchawi aliyeficha. Na vitu vyenyewe havikuwepo. Nimewahi kufungua boila iliyoziba kila bomba nikapata njia; hapa sikupata.

Mchumba wangu alikuja mpaka lango la kiwanda siku ya Jumamosi, na hakuja kulia. Nilikuwa nimeshampa kitabu akakisoma wakati wa mapenzi yetu ya mwanzo, na alicheka kila ukurasa.

"Umewaambia ni hadithi?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye ninayeolewa. Nikikutetea, watasema umeshanifunika na hilo koti." Alishika vyuma vya lango. "Usichome kitu. Lakini pia usikae bure. Baba amempa mchungaji nafasi ya kusema neno la mwisho wiki ijayo, na akishasema ndani ya nyumba ile, neno halirudi."

Nilipokwenda kituoni na kikapu cha mama, sikusimulia. Lori lilichelewa. Watu wakapindua majani yao kimya, wakinitupia macho.

"Leo hadithi imelala?" karani akauliza.

"Imeisha."

"Haijaisha. Uliwaacha wale watoto wa shule kwa ngazi."

Mama, ambaye hakuwa amemwambia mtu, aliweka kikapu chini akawaeleza yote, kutoka kwa mwavuli mweusi hadi diploma. Nilitamani ardhi inifunike. Nilitegemea huruma. Badala yake muuza ndizi alikasirika, na si kwa ajili yangu.

"Ngoja kwanza. Kama huyu ni mchawi, sisi tuliokaa hapa tukimsikiza ni nini? Wanafunzi?"

"Mimi ni mzee wa kanisa upande wa akina mama," mjane akasema, na shingo yake ikawa ndefu. "Mimi nimeitwa mwanafunzi wa mchawi na mtu wa Sigowet?"

"Hajasema hivyo," nikasema.

"Wewe nyamaza, umeongea ya kutosha. Mjomba wako anaenda lini?"

Kwa hiyo siku iliyopangwa, pikapu ya mjomba haikubeba wazee wawili tu waliovaa makoti. Nyuma, kati ya mikebe ya maziwa, walikaa wanawake wa kituo cha majani, wamevaa vitambaa vya kichwani vya Jumapili. Mimi nilitakiwa niwepo kwa sababu ndiye niliyekuwa nikisemwa. Kwa desturi bwana harusi hana sauti siku kama hiyo. Wenye kusema ni wazee. Mjomba alilirudia hilo tulipokuwa tukishuka.

"Leo, weeri, kijana wangu, mdomo yako nimeifunga mimi. Hata wakisema diploma yako ni ya kutahiri kuku, nyamaza."

Sebule ilikuwa pana, na vitambaa vyeupe vya kudariziwa kwenye kila kiti. Baba yake mchumba, mtu mrefu asiyetabasamu bure, alikaa katikati, mchungaji upande mmoja na senge upande wa pili. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na nilijua mchumba wangu yuko nyuma yake. Sala ilifanywa. Chai ikanywewa. Kisha baba mkwe akasema, "Tuliomba vitu."

"Vitu vimekuja," mjomba akajibu.

Mchungaji aliinua kichwa. Senge alivuta miguu yake chini ya kiti.

"Viko wapi?"

Mjomba akanyoosha mkono kwa wanawake wetu. "Hawa ndio wako navyo. Waulize."

Muuza ndizi alisimama. Alisema Kipsigis cha kujifunzia sokoni, kilichonyooka bila kuomba radhi. "Koti ninalo mimi. Ni la mvua, rangi ya majivu, linafika hapa."

"Si la mvua," mjane akamkatiza. "Ni blanketi. Alisema ni jepesi kama blanketi la mtoto."

"Blanketi litakuficha wewe na urefu huo?"

"Tena lilikuwa la ngozi," mama mwingine akaongeza kutoka pembeni. "Ngozi ya nyani. Ndiyo maana mbwa habweki."

Nyani! Hakukuwa na nyani popote katika kitabu kile. Nilifungua mdomo, na kiatu cha mjomba kikanikanyaga.

Wakaenda kwenye ufagio. Kwa mmoja ulikuwa wa fito, kwa mwingine ulikuwa sosiot, ule mti mwembamba wa kusugulia vibuyu vya maziwa, maana ndio alioujua yeye. Mmoja alisema mpandaji hukaa upande kama mwanamke nyuma ya pikipiki. Fimbo ikawa rungu. Shule ya bweni ikahamishwa mpaka ikawa inafanana sana na shule moja ya wasichana upande wa Bomet, pamoja na uji wake wenye wadudu. Niliteseka. Hadithi niliyoijenga kwa ustadi, kipande kwa kipande, ilikuwa ikibomolewa mbele yangu na watu waliokuwa wakipigana juu ya matofali. Na kadiri walivyobishana, ndivyo nilivyoona mabega ya baba mkwe yakishuka. Aliegemea mbele. Alikuwa akiwafuata.

"Hiyo ufagio," akauliza ghafla, "inasimamishwa na nini? Iko na breki?"

"Breki!" muuza ndizi akamgeukia mjane. "Unaona? Hilo hata sisi hatujauliza."

Kicheko kidogo kikapita. Lakini senge hakucheka. Hakuwa mjinga, na alikuwa amekuja na jambo lake.

"Mnacheza," akasema. "Na kioo? Kioo mnasemaje?"

Nikadhani tumekwama.

Mjane ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa ile ya kituoni. "Kioo kinakuonyesha kile moyo wako unataka. Mimi siku aliposema kioo, nilikuwa nimeshika majani. Nikamwona msichana wangu. Wa pili, yule aliyenitoka akiwa bado ananyonya. Nilimwona ni mkubwa, amesuka nywele, ananisaidia kuchuma." Akamgeukia aliyeuliza. "Senge, unauliza kama huyu kijana yuko na hiyo kioo. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa miiba ya kei-apo. Kama angekuwa nayo, unafikiri mimi ningelala kwangu? Ningekuwa mlangoni kwake kila asubuhi. Ningemlimia. Ningempa chai yangu yote, aniache nitazame kidogo tu. Hana kitu. Mimi ningejua."

Mlango wa jikoni ukafunguka, na mama yake mchumba akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya mumewe. Hakututazama sisi. Alimtazama mjane.

"Wako alikuwa na umri gani?"

"Hakuwa amemaliza mwaka."

"Wangu alimaliza," akasema mama mkwe. "Alikuwa ameanza kutembea."

Alikaa karibu naye kwenye kiti kile kile, akasahau kwamba ameshika kibuyu. Baba mkwe aliinamisha kichwa akatazama mikono yake. Mchungaji alivua miwani. Na senge, nitampa haki yake mpaka nife, aliinuka mwenyewe, akachukua kile kibuyu kutoka kwa wifi yake, akaanza kummiminia kila mtu, akianza na mjomba. Alipofika kwangu alisita kidogo tu, kisha akajaza kikombe mpaka juu.

"Hii diploma," mchungaji akasema kwa upole, "ni ya nini hasa?"

"Ya kuchemsha maji," mjomba akajibu.

Nilimeza mursik wangu na jibu hilo pamoja. Mitambo ya mvuke, shinikizo, vali, miaka yangu yote ya masufuria: kuchemsha maji. Baba mkwe aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Akasema kwamba mtu anayejua kuchemsha maji ana kazi ya maana katika nchi ya chai, na kwamba hakuna kitu cha kuchoma, wazee wakae wapange koito.

Wakapanga. Siagi ikaletwa, ikapakwa vichwani kama ilivyo desturi, na mkono wa mama mkwe ulipofika kichwani pangu ulikuwa na joto na haukuwa na haraka. Nilikuwa mtu niliyejitafutia kila kitu bila mchango wa yeyote, na nilikuwa nikijisifia hilo kila nilipopata nafasi. Mke sikujitafutia. Nilitafutiwa na wanawake walioacha majani yao siku ya kuuza, wakakaa juu ya mikebe ya maziwa kutoka Kiptere mpaka Longisa, wakaharibu hadithi yangu nzuri, na mmoja wao akatoa mbele ya wageni kitu ambacho hakuwahi kukitoa hata kwa sisi majirani zake. Nimepata mengi tangu siku ile, lakini harambee kubwa kuliko ile sijafanyiwa.

Mwishoni baba mkwe aligeuka kwangu. "Sasa kijana naye anaweza kusema neno."

Mjomba aliondoa kiatu chake. Sebule nzima ikaningoja, na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, niliangalia vile vitambaa vya kichwani vya Jumapili, nikapata neno moja.

"Kongoi," nikasema. Asante.

"Ni hiyo tu?" muuza ndizi akafoka. "Na kule kituoni unaongea mpaka majani inaungua!"

Watu wakaangua kicheko, mchungaji pia. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na kicheko kilichoanza baada ya vingine na kukawia kuisha. Ndicho ninachoamka nacho mpaka leo, katika nyumba ya mawe niliyoijenga mwenyewe, yenye maji ya moto kila chumba.